Mashine Kuu Iko Nyumba Nyingine

Baba yangu, shikamoo.

Naacha nafasi hapa kidogo, uitikie. Tabia yako naijua: mtu akikuamkia kisha akaendelea na maneno yake kabla hujasema marahaba, ulikuwa unamrudisha mpaka mlangoni aanze upya. Basi nimengoja. Sasa tuendelee.

Nakuandikia kwa sababu wamesema uandike mwenyewe. Hao wenye kampuni ya ile mashine yako ya gemu. Niliwaandikia kwa heshima zote, nikawaeleza kwamba mwenye akaunti ametangulia mbele ya haki, sisi ni watoto wake, tunaomba gemu zake zifunguke. Wakanijibu kwa adabu kubwa: wanatupa pole sana, na kwa usalama wa mwenye akaunti, mwenye akaunti awasiliane nao yeye binafsi kwa barua pepe yake. Nikaandika tena kwamba hawakunielewa. Wakanipa pole tena, wakarudia yale yale. Kwa hiyo, Baba, ukipata nafasi, wanakusubiri.

Mimi nimechoka kusubiri. Nina mengi ya kukusimulia, maana ulipoondoka umetuachia kizaazaa. Mengine utacheka, mengine utakasirika, na moja nimekatazwa kabisa nisikwambie.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulipostaafu kusoma mita za maji, goti nalo likastaafu. Kaka Hamisi akaja na wanawe kutoka Zinga wakati wa likizo, wamebeba mashine yao ya gemu. Ukasema, "Hebu nione hicho kidude kinafanya nini." Watoto hawakukigusa tena mpaka shule zilipofunguliwa. Mjukuu wako mdogo alinifuata jikoni analia, "Shangazi, Babu hataki kutoka!" Nikaja kukusemesha, ukaniambia bila kugeuza macho, "Mama, usinisumbue, nina kona." Ndivyo ulivyoniita siku zote, mama, kwa kuwa nina jina la mama yako, na kwa hilo ulijiona una haki ya kunidekea.

Likizo ikaisha, watoto wakarudi Zinga, mashine ikabaki Bagamoyo. Hamisi hakuthubutu kuiomba.

Kisha ukaunda timu yako. Nilikuwa nakaanga samaki ukaniita kwa kelele nikadhani umeanguka. Kumbe unataka nione. Timu umeiita Kata Maji, kwa heshima ya kazi yako. Wachezaji wote umewapa majina ya watu wa nyumbani na wa mtaani.

"Nimekuweka namba kumi," ukasema.

"Baba, mimi mpira siujui."

"Hujui nini? Kazi ya namba kumi ni kutoa amri, wenzake wakimbie. Nani mwingine nimweke?"

Kipa ulimweka Mama. Marehemu mama yangu, Bi Zuhura, mwanamke mtaratibu ambaye maisha yake yote hakupata kupiga teke hata kopo. Na kwa sababu sehemu ile ya kuunda wachezaji ilikuwa na wanaume watupu, Mama yetu akawa jibaba limesimama golini, kipara, na masharubu mpaka masikioni, mgongoni imeandikwa ZUHURA. Nilicheka hadi samaki wakaungua. Wewe hukucheka. "Mwache na masharubu yake," ukasema. "Wewe ulipata kumpita mama yako siku uliyochelewa kurudi? Basi na mpira haumpiti." Halafu ukawa unamtazama yule kipa, sauti ikashuka. "Kila akidaka, jina lake linaandikwa pale. Napenda kuliona."

Samaki tulikula wameungua hivyo hivyo, wala hukulalamika.

Na baraza lako je! Baraza zima la mtaa wetu lilikuwa halina habari nyingine. Watu wanapita wanasikia wazee wanagombana, wanadhani ni siasa, kumbe mnabishana juu ya gemu. Wewe upande huu, na upande ule Mzee Kibwana fundi redio, jirani yetu ambaye mlango wake unatazamana na wetu, na adui yako tangu siku ulipomkatia maji ana wageni wa harusi wamejaa sebuleni. Yeye naye aliletewa mashine na mkwewe, lakini alinunua gemu za diski tu. Alizifunga kwenye kitambaa cheupe, akaziita santuri, na zikipata mkwaruzo alizisugua kwa dawa ya meno. Wewe zako ulizinunua kwa intaneti, umelala chali, goti juu ya mto.

"Hizo zako ni hewa," Mzee Kibwana alikuwa anakwambia. "Mimi changu nakishika. Nikitaka nampa mtu, nikitaka nakipasua. Kitu kisichotiwa mfukoni si chako."

"Hata maji hayatiwi mfukoni," ukamjibu. "Na kwetu ulikuwa unayanunua."

"Nilinunua, naam. Lakini nikishayatia kwenye ndoo yangu, ulipata kuja kuniuliza, 'Kibwana, thibitisha kwamba ni wewe unayetaka kuyanywa'? Hao jamaa zako, kila ukitaka kucheza, mashine lazima ipige hodi ng'ambo kwanza iulize kama una ruhusa. Siku wakiamua kutoitikia, utacheza nini?"

"Sheria ni sheria. Umekubali masharti, fuata masharti."

"Uliyasoma?"

"Yote."

Baraza likaangua kicheko, maana kila mtu alikuona ulivyobonyeza 'nakubali' huku unapuliza kahawa.

Akawepo na Chidi, yule mwenye banda la gemu pale stendi, anayekuja baada ya alasiri kuchochea kuni. "Wazee wangu, wote mmepigwa," akasema siku ile. "Baba hapa anacheza vitu vya ruhusa. Na wewe Mzee Kibwana, usijisifu. Siku hizi hizo diski nyingine ndani hamna kitu, mna ufunguo tu. Gemu yenyewe unaishusha kwa bando kama sisi wengine."

Loo! Mzee Kibwana akainuka, akatafuta kandambili zake, akavuka njia akaingia kwake bila kuaga. Siku kadhaa hakuonekana. Na wewe kila jioni ulisimama mlangoni kuutazama mlango wake, ukiulizwa unasema unaangalia kama mvua itanyesha. Tena kiangazi.

Nakumbuka vilevile, Baba, usinikasirikie, kwamba hukuwa mtu wa kuazima wala kuazimwa. Ndoo zetu zote uliziandika jina kwa rangi nyekundu. Jirani akiomba ngazi, ulimwambia ngazi imelala. Na wewe mwenyewe ulikuwa radhi kula mchuzi hauna chumvi kuliko kunituma kwa jirani. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Siku uliyoondoka sitaiandika. Niliumia, na bado naumia, yatosha. Nitaandika tu lililotokea kabla jeneza halijatoka. Ustadh Mbaraka alisimama pale nje akauliza kama kawaida: mwenye kumdai marehemu, au mwenye kitu cha marehemu mkononi mwake, ajitokeze kwa warithi. Mimi na Shangazi, dada yako, tulikuwa tumebanana dirishani. Tukamwona Mzee Kibwana anainuka katikati ya watu.

"Mimi..." akasema. "Mimi..."

Kisha akakaa. Watu wakamshika mabega, wakajua ni uchungu. Shangazi akaninong'oneza, "Huyo anataka kudai yale maji yake ya harusi."

Baada ya arobaini nikaiwasha mashine. Sikutaka kucheza, nilitaka kumwona Mama tu na lile jina mgongoni. Ikaniambia haina intaneti, haiwezi kuthibitisha. Bando lako lilikuwa limekwisha. Nikaiunganisha na simu yangu, ikataka neno lako la siri. Nikajaribu jina la Mama. Nikajaribu jina langu. Nikajaribu namba ya mita yetu, kwa kuwa wewe nakujua. Ikanijibu nimejaribu mno, nipumzike kwanza nirudi baadaye. Nipumzike! Mimi, ndani ya nyumba ya baba yangu, naambiwa na kisanduku nipumzike!

Kaka Hamisi akaja na lake. "Mdogo wangu, ya nini kuhangaika? Tuifute yote, ianze upya, watoto wachezee. Baba si ameshaondoka?"

"Na Mama je?"

"Mama gani?"

"Mama yetu. Yumo humo. Yuko golini."

Hamisi alinitazama hivi, akamtazama Shangazi, akaniuliza kama nakula vizuri. Lakini nililia, Baba, nikamwambia ukiifuta umemfuta. Akalegea, akasema atangoja mpaka siku ya kugawa mirathi. Siku hiyo mashine ikipata mwenyewe, inafutwa.

Siku ikafika. Ustadh kakaa kwenye mkeka, sisi tumemzunguka, na Chidi ameitwa kama mtaalamu, kavaa kanzu ya kuazima inamfika chini kidogo ya magoti. Nyumba haikuwa na maneno. Minazi haikuwa na maneno. Tulipofika kwenye gemu, tukakwama.

"Marehemu alizinunua au aliazimwa?" akauliza Ustadh.

"Alinunua," nikasema.

"Hapana, dada," akasema Chidi, anasoma masharti kwenye simu yake, kidole kinashuka na kushuka hayaishi. "Hapa wanasema alipewa ruhusa ya kutumia. Umiliki wanao wao. Na ruhusa ni ya yeye peke yake, haihamishiki."

"Basi hakununua," akasema Ustadh. "Aliazimwa."

Shangazi akawaka. "Kaka yangu? Kaka yangu hakuazima hata kijiko tangu azaliwe! Futa maneno hayo!"

"Bi mkubwa, mimi nasoma tu."

"Usisome!"

Fikiria, Baba. Wewe uliyeandika jina hadi kwenye kata ya kuogea, umeondoka duniani vitu ulivyovipenda kuliko vyote vikiwa vya watu. Nilitaka Mzee Kibwana awepo acheke, lakini tangu mazishi alikuwa hakanyagi barazani kwetu. Nilidhani ni uchungu tu.

Chidi akasema hebu tuiwashe tuone imekwama wapi. Akaiwasha, akasoma kioo, akakuna kichwa. "Ah! Hii si mashine kuu."

"Maana yake?" akauliza Ustadh.

"Maana yake, Ustadh, kila akaunti ina makao makuu yake. Kwenye mashine ya makao makuu, gemu zinafunguka zenyewe bila kuulizwaulizwa. Mashine nyingine yoyote lazima iombe ruhusa ng'ambo kila mara. Sasa Mzee makao makuu hakuyaweka hapa. Mashine kuu iko nyumba nyingine."

Maskini Chidi, hakuwa na nia mbaya. Lakini neno limeshatoka.

"Nyumba nyingine," akasema Shangazi, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Halafu akapiga paja. "Jumanne! Kila Jumanne baada ya alasiri! Kanzu imepigwa pasi, kajifukiza udi, namuuliza kaka wapi, ananiambia nakwenda kuangalia mita. Mita! Mtu mstaafu! Mimi nilijua. Kuna mwanamke Saadani."

"Kwa nini Saadani, Shangazi?"

"Kuna siku alirudi na samaki mkavu."

Ustadh akakunja karatasi zake. Akasema kama kuna shaka ya mjane, mirathi haigawanywi mpaka ijulikane, na kama kuna watoto, wajulikane nao. Hamisi akabadilika rangi. Tangu siku ile, wallahi, akawa anawatazama pua watoto wa watu njiani.

Na mimi nilikukasirikia, Baba, nakwambia wazi. Sikulala vizuri. Nilisema moyoni, yaani Mama yangu kawekwa golini na masharubu, kumbe kuna mwingine huko kawekewa mashine kuu! Nikaitazama picha yako ukutani, nikaigeuza.

Jumanne iliyofuata nikavaa buibui baada ya alasiri, nikafuata njia yako. Muuza kahawa akaniambia ulikuwa unapinda kulia kwenye msikiti mdogo. Mama wa mihogo akaniambia ulikuwa unapita nyuma ya nyumba za mawe, unatazama nyuma kama mwizi wa kuku. Nikapinda, nikapita, nikazunguka, jasho linanitoka, nimeshaandaa maneno ya kumwambia huyo bibi. Nikatokea kwenye mlango mdogo wa uani. Nikatazama juu ya ukuta, nikaona antena. Ala! Naijua antena ile. Naiona kila siku nikifagia. Baba, ulizunguka mtaa mzima kwa goti bovu kwenda kuingia mlango wa nyuma wa mtu ambaye mlango wake wa mbele unatazamana na wetu!

Ndani nikasikia uwanja. Watu wanashangilia, filimbi inalia.

"Hodi!"

Uwanja ukanyamaza. Nikasikia vitu vinaanguka. Mzee Kibwana akafungua, kofia upande. Nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka, akasema alikuwa amejilaza.

"Umejilaza na nani, Mzee? Nimesikia watu elfu."

Nyuma yake televisheni ilifunikwa kanga, na kanga inawaka mwanga kwa ndani. Hata hajanijibu, ikateleza ikaanguka. Nikaona KATA MAJI kwa herufi kubwa. Nikaona namba kumi, mimi. Na kule mwisho golini, mikono imetanuliwa, kipara kinang'aa, Mama yangu na masharubu yake.

Nilikaa chini palepale mlangoni. Nikalia, nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

Mzee Kibwana akakaa naye, akanieleza yote. Santuri zake zilikuwa zimekufa zamani. Chumvi ya hewa, ukungu, na hiyo dawa yake ya meno, zikawa hazisomi hata moja. Aliona aibu kusema. Siku moja ukaenda kwake kumpelekea redio yetu ukamkuta amekaa mbele ya televisheni, imewaka, haina kitu, pedi ya kuchezea iko mapajani. Hukumcheka. Ukaichukua ile pedi, ukaingiza neno lako la siri, gemu zako zikaja na timu yako nzima, mashine yake ukaifanya ndiyo kuu.

"Nikamuuliza, 'Na kwako je?'" akaniambia. "Akasema, 'Mimi nina bando. Mimi nitakuwa naomba ruhusa.'"

Baba. Wewe uliyekuwa huombi hata chumvi. Miaka yote ile mashine yako ilikuwa inapiga hodi kwa watu kila ukiiwasha, ili ya mwenzako ifunguke bila kuulizwa. Nasi nyumbani tunalalamika bando linakwenda wapi, unatuambia unasoma habari.

"Mbona mliendelea kugombana?" nikamuuliza.

"Yeye ndiye alitaka. Alisema tukikubaliana, baraza litakufa, watu watakwenda kunywa kahawa kwingine. Akaniapisha. Basi siku ya mazishi Ustadh alipouliza, nilisimama niseme nina amana yake. Nikamwona Chidi ananitazama, nikawaona wote niliowaambia hewa, hewa, hewa. Mdomo ukanigoma, mwanangu. Tangu siku ile sala haziniingii vizuri."

"Na samaki mkavu?"

"Samaki gani?"

"Basi tu, Mzee. Twende."

Alikuja kwa mlango wa mbele. Akavuka njia mchana kweupe, akasimama barazani mbele ya Ustadh, Hamisi, Shangazi na Chidi, akaimalizia sentensi yake. "Mimi nina amana ya marehemu. Gemu zake zote ziko kwangu. Nimezicheza miaka na miaka."

Chidi alishika kichwa. "Mzee Kibwana! Wewe? Na hewa?"

"Hewa," akasema Mzee Kibwana. "Na tamu."

Hamisi akapumua kwa nguvu, akawaacha watoto wa watu na pua zao. Shangazi ndiye aliyesononeka. Alikuwa ameshashona dera jipya la kwenda Saadani kumkabili mke mwenzie wa marehemu wifi yake, sasa halina pa kwenda. Na Ustadh akamaliza kazi: mashine yetu ni mali, igawiwe, Hamisi aichukue. Gemu si zetu kurithi, lakini alipoziweka marehemu kwa mkono wake mwenyewe, zikae hapo hapo maadamu zinakaa.

Hamisi aliifuta jioni ile ile. Nilimruhusu. Nilitoka nje kuanua nguo, na sikuumia nilivyodhani nitaumia.

Sasa, Baba, kila Jumanne baada ya alasiri mimi ndiye ninayekwenda kuangalia mita. Napita mlango wa mbele. Chidi ametupa masharti: mashine isiguswe na intaneti, wenyewe wa ng'ambo wasije wakaifunga, isifutwe, isipate joto. Mzee Kibwana ameiwekea feni, yeye mwenyewe anajipepea kwa kipande cha boksi. Juzi walipita vijana wanaounganishia watu intaneti majumbani, aliwatoa mtaani kwa bakora mpaka karibu na soko. Lakini tunajua. Mashine ni kitu cha kufa. Siku moja itagoma, na mlango wa ng'ambo hautaitikia, na Mama ataondoka tena. Hilo linaniogopesha, na nikiliwaza usiku natamani ungekuwepo unigombeze.

Nilikutafuta humo, ujue. Nilipitia timu nzima, jina kwa jina. Nimemwona Hamisi beki, Shangazi winga ya kushoto, hata muuza kahawa yumo. Mwisho wa benchi nikamkuta Kibwana.

"Misimu yote hiyo," mwenyewe akalalamika, "hajanipanga hata dakika moja. Nyumbani kwangu! Umeme wangu!"

"Mbona Baba simwoni?"

"Atakuwemo vipi, mwanangu? Yeye ndiye aliyekuwa ameshika pedi."

Akanipa. Upande wa kidole gumba pamelika, pamekuwa laini. Nikaweka changu hapo.

Sasa lile nililokatazwa. Jumanne iliyopita tulikuwa tunaongoza. Mimi, naongoza! Muda umebaki kidogo, nikamtazama Mzee Kibwana kwenye mkeka, nikasema kwa nini nisimfurahishe. Nikamtoa Hamisi, nikamwingiza Kibwana. Jina lake lilipotokea kwenye kioo, Mzee akasimama. Akaweka kofia sawa, akapangusa kanzu, akabaki amesimama wima mikono ubavuni kama ameitwa kwa jina na mtu mkubwa. Nikampasia mpira. Nikataka aurudishe kidogo tu nyuma, kwa usalama. Nikabonyeza kwa nguvu. Mpira ukaenda moja kwa moja golini kwetu, ukampita Mama, masharubu na yote, ukatikisa nyavu. Aliyebonyeza ni mimi, lakini kioo kikaandika KIBWANA, na chini yake, kajifunga.

Mzee alikaa taratibu. Akavua kofia, akajifunika nayo uso, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini kwa kicheko. Alipopata pumzi akanishika mkono.

"Mwanangu, nakuomba kwa Mungu. Hilo usimwambie baba yako."

Nikamwahidi kwamba sitakwambia. Ndiyo maana nimekuandikia.

Lala salama, Baba, na picha yako nimeshaigeuza, inatazama sebuleni kama zamani.

Ni mimi, binti yako uliyemwita mama,
namba kumi.